Rangi ya Nje ya Nyumba: Kwa Nini Hubambuka Mapema?

Mwezi wa Juni, masika yakishapita, mtu atembeaye katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Tandale au Tegeta huona jambo moja likijirudia nyumba baada ya nyumba. Ukuta uliopakwa rangi mpya kabla ya sikukuu za Desemba umevimba malengelenge. Karibu na ardhi rangi imebambuka vipande vipande na kuiacha lipu wazi. Mahali pengine pametoka unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi hulilaumu duka, na mwenye duka hukilaumu kiwanda. Hununuliwa ndoo nyingine, pengine ya bei kubwa zaidi, na masika yafuatayo hali huwa ile ile.

Hasara hiyo si ndogo. Kwa familia iliyojenga chumba kimoja kimoja kwa miaka mingi, ndoo ya lita 20 ya rangi ya nje ni fedha iliyopunguzwa katika ada ya shule au katika bati za chumba kinachosubiri kuezekwa. Yafaa basi kuuliza swali hili kwa njia ya sayansi: ni nguvu gani inayoisukuma rangi itoke ukutani? Jibu, kwa sehemu kubwa, halimo ndani ya ndoo. Limo ndani ya ukuta wenyewe.

Rangi na praima

Kila rangi ya nyumba ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni chembe ngumu zinazoleta weupe, wekundu au ubuluu. Ya pili ni kiunganishi, yaani utomvu unaozishika chembe hizo pamoja na kuzigandisha ukutani. Ya tatu ni kimiminika kinachoirahisisha kazi ya brashi, kisha hupotelea hewani. Katika rangi ya maji kimiminika hicho ni maji. Katika rangi ya mafuta ni spiriti za jamii ya tapentaini.

Praima ni koti la kwanza. Kiunganishi chake ni kingi, nacho hutengenezwa ili kiushike ukuta na kuyahimili yaliyomo ndani yake. Rangi ya juu hupambana na jua na mvua. Praima hupambana na ukuta. Kwa hiyo haiwezekani kuichagua praima bila kwanza kuujua ukuta.

Ukuta wa saruji ni alkali

Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba nyingi za miti na udongo mahali kama Magomeni na kujenga za matofali ya saruji. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966, saruji ilipatikana karibu na mji, na leo tofali la saruji na mchanga ndilo limeenea katika sehemu kubwa ya vitongoji vya Kinondoni na Temeke.

Saruji inapokutana na maji hugeuka jiwe, na wakati huo huo hutoa kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa. Hii ni alkali kali. Maji yaliyomo ndani ya lipu mpya hufikia pH ya 12.5 au zaidi, ilhali maji safi yana pH ya 7.

Mwanafunzi aliyewahi kuona sabuni ikitengenezwa kwa mafuta ya nazi na magadi makali ataelewa upesi kinachofuata. Mafuta yakikutana na alkali penye maji, huvunjika na kuwa sabuni. Rangi ya kawaida ya mafuta ina kiunganishi chenye asili ya mafuta ya mimea. Ikipakwa juu ya lipu mbichi, ukuta huanza kuigeuza sabuni kutoka upande wa ndani. Rangi hulainika, hunata, hubadilika rangi, na hatimaye huachia. Kiwanda hakikukosea; rangi njema iliwekwa mahali ambapo kemia haikuiruhusu kukaa.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni muda. Kaboni dayoksaidi ya hewani huingia taratibu katika lipu na kuigeuza kalsiamu haidroksaidi kuwa kalsiamu kaboneti, ambayo si kali. Majuma manne ya hali ya hewa kavu ni kiasi cha chini. Wakati wa masika hayatoshi. Dawa ya pili ni praima iliyotengenezwa kuhimili alkali, ambayo mara nyingi kiunganishi chake ni akriliki. Utomvu wa akriliki hauvunjwi kwa urahisi na alkali. Baadhi ya rangi za maji za bei nafuu hutumia polivinaili asetati, utomvu unaodhoofika penye alkali na unyevu pamoja. Hizo zinafaa zaidi kuta za ndani.

Maji yapandayo kutoka ardhini

Tofali la saruji, hata likionekana gumu, limejaa vinyweleo. Maji hupanda katika vinyweleo hivyo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kandili. Kadiri kinyweleo kilivyo chembamba ndivyo maji yapandavyo juu zaidi. Katika mrija wenye nusu kipenyo cha milimita 1 maji hupanda kiasi cha sentimita 1.5. Nusu kipenyo kikiwa sehemu moja ya mia ya milimita, kimo hicho hufikia karibu mita 1.5. Ukutani maji hayafiki juu hivyo kila mara, kwa sababu njiani hukaushwa na hewa. Lakini hesabu hii yaeleza kwa nini ubovu huanzia chini, na kwa nini mara nyingi hukoma kwenye usawa wa magoti au wa kiuno.

Maji hayo hayapandi peke yake. Hubeba chumvi za ardhini, na katika mji wa pwani chumvi haiko mbali. Hupatikana katika mchanga uliochotwa karibu na bahari, na katika maji ya kisima yaliyotumiwa kukoroga udongo wa saruji. Maji yakifika juu ya ukuta hugeuka mvuke na kwenda zake, chumvi hubaki. Nje ya rangi hufanya unga mweupe, ambao ni kero tu. Ikiganda nyuma ya rangi, fuwele zake hukua ndani ya vinyweleo, husukuma, na kuibandua rangi pamoja na ngozi ya lipu.

Hapa ndipo penye kosa la gharama kubwa. Mwenye nyumba, akiona unyevu, hununua rangi nzito isiyopitisha maji ili auzibe ukuta. Lakini maji hayatoki nje, yamo ndani. Yakizibiwa mlango mmoja hupanda juu zaidi kutafuta mwingine, au hukusanyika nyuma ya utando mpaka ufanye malengelenge. Hakuna praima inayoponya ukuta unaonywa maji kutoka chini. Tiba iko katika msingi: tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na kuta, mchanga usio na chumvi, mfereji wa kuyaondoa maji ya paa, na udongo wa bustani usiorundikwa ukutani. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, rangi ya sehemu ya chini iondolewe, chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, kwani maji huiyeyusha na kuirudisha ndani, kisha ukuta uachwe wazi kwa muda mrefu ukauke.

Kuta za udongo na chokaa

Nyumba za udongo bado zipo pembezoni mwa mji, nazo zinahitaji kitu kingine kabisa. Udongo hupokea unyevu na kuutoa kila siku. Rangi ya plastiki juu yake huwa kama mfuko wa nailoni: mvuke hukosa njia, udongo hulainika, na rangi huanguka ikiwa imeshika tabaka la udongo nyuma yake.

Chokaa haina tabia hiyo. Hupakwa nyepesi, makoti kadhaa, juu ya ukuta ulionyunyiziwa maji kidogo. Ikikauka hunyonya kaboni dayoksaidi na kurudi kuwa jiwe lile lile lililochomwa tanuuni, huku ikiacha vinyweleo wazi. Wajenzi wa pwani walilijua jambo hili kwa uzoefu. Katika magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, msikiti wa kale na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yangali na mabaki ya lipu yao ingawa bahari iko karibu. Chokaa hupauka na kuhitaji kurudiwa, lakini hairarui ukuta inapoondoka.

Jua, upande wa ukuta, na maji ya fundi

Kuta nne za nyumba moja hazipati hali moja ya hewa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Tangu mwanzo wa Machi hadi kiasi cha Oktoba 10, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa utosi. Kwa hiyo ukuta utazamao kusini hukaa kivulini katika masika yote, na wakati huo huo upepo wa kusi huusukumia mvua. Ndiyo sababu mara nyingi ukuta huo huota ukungu mweusi na uoto wa kijani kabla ya nyingine. Upakwe rangi yenye dawa ya kuzuia ukungu, baada ya kuoshwa kwa maji ya klorini na kusuuzwa vizuri. Klorini hiyo kamwe isichanganywe na asidi wala amonia, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Ukuta wa magharibi nao hupigwa na jua kali la alasiri mwaka mzima. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo ya kiunganishi, na chembe za rangi hubaki bila mshiko. Ukipitisha kiganja ukutani kikatoka na vumbi kama la chaki, kiunganishi kimekufa. Koti jipya juu ya vumbi hilo litashika vumbi, si ukuta. Sharti lifagiliwe, kisha ipakwe praima yenye kupenya. Kuhusu rangi yenyewe, nyekundu na manjano zitokanazo na oksidi za chuma hudumu juani kuliko nyingi za rangi kali zenye asili ya kikaboni.

Tena kuna maji anayoongeza fundi. Lita moja ya rangi ikienezwa juu ya mita za mraba 10 hufanya utando mbichi wa milimita 0.1. Ikiwa asilimia 40 ya ujazo wake ni vitu vinavyobaki, utando mkavu ni milimita 0.04. Fundi akiongeza nusu lita ya maji na kuipaka mita za mraba 15, utando mkavu huwa chini ya milimita 0.03. Kwa macho ukuta umefunikwa. Kwa kweli umeibiwa zaidi ya robo ya ngao yake.

Risasi katika rangi

Jambo moja linapita gharama. Madini ya risasi yametumiwa kwa miaka mingi katika rangi za mafuta, ama kuleta rangi kali za manjano na nyekundu, ama kuharakisha kukauka. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango kijulikanacho kuwa salama. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2009, ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochunguzwa, ilikuta risasi nyingi katika rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza isizidi sehemu 90 katika milioni.

Mnunuzi adai kopo lenye maelezo yasemayo kwamba halina risasi. Rangi ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, watoto wawekwe mbali, na mabaki yasifagiliwe uani wanakochezea.

Majaribio ya shuleni

Mwalimu anaweza kuyaonyesha mengi ya haya kwa vifaa vichache. Simamisha kipande cha chaki katika maji yenye wino, na darasa litaona maji yakipanda. Bandika nailoni angavu ya nusu mita kila upande juu ya ukuta, ziba kingo zote kwa utepe, na uiache siku nzima. Matone yakionekana upande wa ndani, ukuta huo haujawa tayari kupakwa. Lowesha lipu kidogo kwa maji ya mvua na uiguse kwa litmasi nyekundu: ikigeuka buluu, alkali ingalipo. Dondoshea fenoftalini kipande cha lipu kilichovunjwa sasa hivi: sehemu ya ndani itakuwa ya waridi, na ukingo ambao hewa imekwisha ufikia hautabadilika.

Majaribio haya yaeleza pia makosa ya kalenda. Rangi nyingi hupakwa Desemba, vuli ikiwa haijaisha vizuri, kwa sababu wageni wanakuja. Ukuta hauijui sikukuu. Lipu iliyopigwa Januari ikasubiri masika yapite, ikajaribiwa kwa nailoni na litmasi mwezi wa Julai, kisha ikapewa praima yake na makoti mawili kabla ya Septemba, itawapokea wageni wa Desemba hiyo, na kuna matumaini makubwa kwamba itawapokea na wa miaka kadhaa ifuatayo.