Mkazo na Mwinamo: Ufungaji wa Mlingoti katika Katamarani Ndogo na Suala la Istilahi

1.0 Utangulizi

Neno katamarani lina asili ya Kitamil: kattu, yaani kufunga, na maram, yaani mti. Hapo awali lilitaja chombo cha magogo yaliyofungwa pamoja. Maana ya chombo chenye miili miwili sambamba ilikuja baadaye, neno lilipokwisha kuingia katika Kiingereza. Hata hivyo, dhana ya kufunga haijatoweka. Mlingoti wa katamarani ndogo ya kisasa hausimami kwa nguvu zake wenyewe, bali hushikiliwa na nyaya. Makala haya yanaeleza jinsi mkazo wa nyaya hizo unavyorekebishwa, na yanadai kwamba kitenzi kukaza, kikitumiwa bila kufafanuliwa, huficha tofauti ambayo mwanafunzi wa ubaharia hana budi kuijua. Mfano unaotumika ni Hobie 16, katamarani iliyobuniwa na Hobie Alter wa California, Marekani, na kuanza kuonekana mwaka 1969. Urefu wake ni mita 5.05 na upana wake mita 2.41.

2.0 Nyaya Tatu

Mlingoti wa chombo hiki hukaa juu ya kikalio kinachouruhusu kuzunguka kufuata tanga. Nyaya tatu hukutana katika sehemu yake ya juu. Mbili hushuka pembeni, kila mmoja hadi kwenye mwili wake. Wa tatu huelekea mbele, kisha hugawanyika matawi mawili yanayofungwa katika omo za miili yote miwili.

Mashua ya mwili mmoja ikipigwa na upepo mkali hulala upande, na kwa kulala huko tanga hupunguziwa mzigo. Katamarani, kwa sababu ya upana wake, hailali kwa urahisi. Nguvu ya upepo hupita moja kwa moja kutoka katika tanga hadi katika waya wa upande wa joshi, yaani upande upepo unakotoka. Ndiyo maana pini moja iliyochomoka, au nyuzi chache za waya zilizokatika, zaweza kuuangusha mlingoti mzima.

3.0 Urefu si Mkazo

Kila waya wa pembeni hufungwa katika bamba lenye matundu mengi. Pini ikihamishiwa tundu la chini, waya huwa kana kwamba umefupishwa; ikihamishiwa la juu, umerefushwa. Anayeanza hudhani kwamba kwa kufanya hivyo anaongeza au kupunguza mkazo. Kwa hakika, anachobadilisha kwanza ni mwinamo wa mlingoti kuelekea tezi. Mlingoti ukiinamishwa nyuma, kitovu cha mvuto wa tanga husogea nyuma. Omo hupungukiwa na tabia ya kuzama katika mawimbi, lakini chombo hutaka kuukabili upepo na usukani huwa mzito. Mwinamo ukizidi, kapi za kamba ya tanga kuu hugongana kabla tanga halijavutwa vya kutosha.

Mkazo wenyewe huletwa na henza ya tanga dogo la mbele. Henza hiyo ikivutwa kwa nguvu, waya uliomo katika ukingo wa mbele wa tanga hilo huuvuta mlingoti mbele, nyaya za pembeni zikiupinga. Waya wa mbele nao hulegea, kwa kuwa mzigo wake umechukuliwa. Mkazo ukipungua mno, mlingoti huyumba na ukingo wa tanga hupinda; ukizidi, mlingoti hushindwa kuzunguka.

Kabla ya yote, pini za pande mbili ziwe katika matundu yanayolingana. Henza ya tanga kuu huvutwa hadi kwenye bamba la upande mmoja, ikatiwa alama, kisha ikapelekwa upande wa pili. Alama isipofika mahali palepale, mlingoti umepotoka.

4.0 Suala la Istilahi

Katika jahazi, chombo kinapogeuzwa, foromali huzungushwa mbele ya mlingoti, na kamba za kuushikilia mlingoti huhamishiwa upande mpya wa joshi na kukazwa hapo. Za upande wa demani huachwa zilegee. Kwa nahodha wa jahazi, kuweka urefu wa kamba na kuitia mkazo ni tendo moja, nalo hurudiwa safarini. Kitenzi kukaza kinalitosheleza. Katika katamarani tendo hilo limegawanyika: urefu huamuliwa pwani kwa pini, mkazo huletwa kwa henza. Kinachobaki kilekile ni kwamba waya wa demani hulegea kidogo chombo kinapokwenda. Kulegea huko si kasoro, na anayeukaza waya huo kila aonapo umelegea huuharibu ulinganifu wa pande mbili.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba katika maandishi ya mafunzo kufupisha kutumike kwa kazi ya pini, mkazo kwa nguvu iliyomo katika waya, na mwinamo kwa pembe ya mlingoti. Maneno yote matatu ni ya Kiswahili cha kawaida. Kinachohitajika ni kuyawekea mipaka. Mwalimu akisema tu “kaza waya”, mwanafunzi atahamisha pini mahali alipotakiwa kuvuta henza, naye ataingia baharini na mlingoti ulioinamishwa vingine huku nyaya zake zingali zimelegea.