Milima ya Mbizi: Mahali pa Kuutazama Mji wa Sumbawanga na Kujua Maji Yake Yanakotoka

Na Mwandishi Wetu, Matai

Msafiri anayetoka Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kwenda mjini Sumbawanga hupita takriban kilomita 50 za barabara ya lami katika nyanda za juu za Ufipa. Njia nzima ni mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, vijiji vyenye nyumba za matofali ya kuchoma, na nyasi zinazoyumba kwa upepo. Mji unapokaribia, mbele yake huonekana milima iliyojipanga upande wa kaskazini mashariki, ambayo mara nyingi asubuhi hufunikwa na ukungu. Hiyo ndiyo Milima ya Mbizi.

Wageni wengi wanaofika Rukwa kwa ajili ya utalii huipita milima hiyo bila kusimama. Macho yao huwa kwenye Maporomoko ya Mto Kalambo, yaliyopo mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji huanguka kwa mkupuo mmoja kutoka kimo cha zaidi ya mita 220. Sifa ya Kalambo inastahili. Hata hivyo, mtu anayetaka kuielewa Ufipa kwa siku moja, na kuelewa ni kwa nini mji wa Sumbawanga upo mahali ulipo, hana budi kupanda Mbizi. Ni mahali patulivu, pasipo na msongamano wala kelele, na kutoka huko juu mkoa husomeka kama ramani iliyotandazwa mezani.

Kinachoonekana kutoka juu

Milima ya Mbizi ina kimo cha zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mgeni akitazama upande wa kusini magharibi anauona mji wa Sumbawanga ukiwa umetandazwa chini yake: mapaa ya bati, barabara zinazokutana katikati ya mji, na mashamba yanayoanzia pale nyumba zinapokomea. Mbele zaidi ni uwanda wa Ufipa unaoelekea Matai, wazi na wenye miti michache, hadi macho yanaposhindwa kutofautisha ardhi na anga.

Upande wa mashariki mandhari hubadilika ghafla. Ardhi inakatika. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake, kwa tofauti ya zaidi ya mita 1,000, kuna bonde la Ziwa Rukwa lenye vijiji kama Muze na, mbali kidogo, ziwa lenyewe. Joto la huko chini ni tofauti kabisa na baridi ya mlimani, kwa kuwa kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana mtu anayeondoka Muze akiwa na shati jepesi hulazimika kutafuta koti afikapo Sumbawanga.

Mandhari hiyo ina historia ndefu. Ufipa ni pande la ardhi lililobaki juu wakati ardhi ya pande zake mbili ilipodidimia kutokana na mipasuko ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Magharibi ilifanyika beseni la Ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, na mashariki likafanyika beseni la Ziwa Rukwa. Miamba ya eneo hili ni mikongwe mno, baadhi yake ikiwa na umri wa takriban miaka bilioni mbili. Mipasuko iliyoyafanya maziwa ni ya karibuni ikilinganishwa na umri huo.

Kutokana na umbo hilo, Ufipa ni mgongo unaogawa maji. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huingia katika mito kama Kalambo, ikafika Ziwa Tanganyika, na kutoka humo maji hupitia Mto Lukuga hadi Mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya mashariki huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea. Maji yake hupungua kwa kukaushwa na jua tu, na hiyo ndiyo sababu ya ziwa hilo kuwa na magadi na kupanuka au kusinyaa kulingana na mvua za miaka husika. Serikali nayo inausimamia mgawanyiko huo kwa kuwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, mbili kati ya bodi tisa za mabonde nchini.

Msitu unaotunza maji ya mji

Juu ya Mbizi kuna msitu wa asili uliohifadhiwa kisheria, ambao ni miongoni mwa vyanzo vya maji vinavyotegemewa na wakazi wa Sumbawanga na vijiji vya pande zote mbili za mlima. Ni muhimu kueleza jinsi msitu unavyofanya kazi hiyo, kwa sababu kauli kwamba miti huleta maji hurudiwa mara nyingi bila ufafanuzi.

Upepo unaovuma kutoka kusini mashariki hupita juu ya bonde la Rukwa na kugonga ukuta wa milima. Hewa hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Mvua hiyo ingenyesha hata kama mlima ungekuwa mtupu. Tofauti huonekana baada ya tone kufika chini. Katika msitu wa asili, tone hupokelewa na majani, kisha na matabaka ya majani yaliyooza, kisha na udongo uliojaa mizizi na vitundu vya wadudu. Maji huzama taratibu na kutoka wiki au miezi baadaye kama chemchemi. Katika mteremko uliofyekwa, maji hayohayo hukimbia juu ya ardhi siku hiyohiyo, yakibeba udongo na kuacha korongo.

Kwa mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza takriban Novemba na kumalizika Aprili, tofauti hiyo ni kubwa. Msitu unafanya kazi ya ghala: unapokea kwa miezi sita na kutoa kwa miezi sita mingine. Ghala hilo likibomoka, mvua zitaendelea kunyesha kama kawaida, lakini chemchemi zitakauka mwezi Septemba, wakati ambao mji unazihitaji zaidi.

Kwa sababu hiyo, mgeni anapaswa kutofautisha msitu wa asili na miti ya kupandwa. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) unasimamia pia Shamba la Miti Mbizi, ambalo lengo lake ni kuzalisha mbao na kupunguza mzigo wa uvunaji katika misitu ya asili. Mashamba ya aina hiyo yana faida yake, lakini hayachukui nafasi ya msitu wa asili kama chanzo cha maji. Baadhi ya miti ya kigeni, hususan mikaratusi, hunywa maji mengi, na ndiyo maana wananchi hushauriwa kutoipanda kando ya chemchemi na mito.

Mbega asiye na pa kuhamia

Mgeni mwenye subira anaweza kubahatika kumwona mkazi adimu wa Mbizi, yaani mbega mwekundu wa jamii ambayo idadi yake kubwa ipo katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Mbega hawa, walioorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, wamebaki Ufipa katika vipande vichache vya misitu vilivyotengana. Wanakula zaidi majani machanga, wanaishi kwa makundi juu ya miti, na ni nadra kuvuka eneo kubwa lililo wazi.

Hapo ndipo penye tatizo. Mbega wa Mbizi akiharibiwa makazi yake hana msitu wa jirani wa kukimbilia, kwa kuwa kati yake na ndugu zake wa Uganda kuna mamia ya kilomita za mashamba, miji na nyika. Msitu ukipungua, idadi yake hupungua nao, na akitoweka Mbizi hakuna wa kuja kuijaza nafasi yake.

Adui mkubwa wa msitu huo ni moto. Kati ya Juni na Oktoba nyasi za Ufipa hukauka, na moto unaowashwa kuandaa mashamba, kuchipua malisho au kuwinda panya hupanda mlima kwa urahisi. Kwa kawaida moto haupenyi mara moja ndani ya msitu wenye unyevu. Huunguza ukingo. Miti ya ukingoni hufa, nyasi hujaza nafasi, na mwaka unaofuata nyasi hizo hizo hupeleka moto hatua chache mbele. Msitu hurudi nyuma kidogo kidogo, kwa mwendo ambao mtu mmoja hawezi kuuona hadi miaka mingi ipite.

Uwazi wa nyanda za Ufipa unatukumbusha kwamba miti ikiondoka hairudi kwa haraka. Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma, wakitumia matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe na kula mkaa mwingi. Kazi hiyo, pamoja na kilimo na moto wa karne nyingi, ni miongoni mwa sababu zilizochangia uwanda kuwa na miti michache. Wafipa haohao walibuni pia kilimo cha matuta ya mviringo, ambapo nyasi hufukiwa chini ya udongo mwishoni mwa mvua ili zioze na kuwa mbolea. Jamii iliyojua kurutubisha ardhi bila kuchoma nyasi zake ina akiba ya maarifa inayoweza kutumika leo katika kupunguza moto.

Mahitaji nayo yanaongezeka. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilionesha kuwa Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu takriban milioni moja. Ile ya mwaka 2022 ilionesha zaidi ya milioni 1.5. Kila kaya mpya inahitaji maji, kuni au mkaa, na eneo la kulima. Mtu aliyesimama Mbizi anaweza kuyaona mahitaji hayo kwa macho, kwa kuangalia mapaa mapya yanavyosogea kuelekea mlimani.

Namna ya kutembelea

Miezi ya Mei na Juni ni mizuri zaidi kwa kutazama mandhari. Mvua zimekwisha, nyasi bado ni za kijani, na anga ni safi. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza moshi na vumbi huweza kuificha kabisa sura ya Ziwa Rukwa. Asubuhi mlima huwa na ukungu, hivyo ni vyema kuwa na subira hadi jua lipande kidogo.

Kwa kuwa eneo hilo ni hifadhi ya msitu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka utaratibu wa kuingia. Mgeni anashauriwa kufika kwanza katika ofisi ya TFS mjini Sumbawanga ili kupata kibali, kulipia ada inayotakiwa na kuelekezwa kwa mtu anayeijua njia. Avae viatu imara na nguo za baridi, hasa Juni na Julai, na abebe maji ya kunywa. Asiwashe moto kwa sababu yoyote ile, asiache taka za plastiki, na asiwalishe wala kuwafukuza mbega ili apate picha.

Mwenye siku mbili anaweza kuunganisha safari. Siku ya kwanza apande Mbizi autazame mji na bonde la Rukwa. Siku ya pili apite Matai hadi Maporomoko ya Kalambo, au aendelee na barabara hadi Bandari ya Kasanga kuliona Ziwa Tanganyika. Kwa njia hiyo atakuwa ameziona kingo zote mbili za Ufipa, na fedha yake itakuwa imefika kwa mama lishe, dereva na mtembeza wageni wa Sumbawanga na wa Kalambo.

Kwa wananchi wa Rukwa, ziara hiyo ina maana ya ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Si rahisi kwa mtu aliyekaa mjini kuona umuhimu wa katazo hilo, kwa kuwa yeye hufungua bomba na maji yakatoka. Shule zinazopanga ziara za masomo, na kamati za mazingira za vijiji na mitaa, zinaweza kuanzia Mbizi. Mwanafunzi akisimama pale juu anaweza kuonesha kwa kidole msitu, chemchemi, shamba na mji, akaeleza jinsi kimoja kinavyokitegemea kingine. Na akiona moshi ukipanda mteremkoni, atajua ni wapi pa kutoa taarifa, na kwa nini asisubiri kesho.