Mawese ya Ilagala na Deni la Ardhi

Tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanza kulihimiza zao la michikichi mkoani Kigoma kwa nia ya kupunguza mafuta ya kula yanunuliwayo ng'ambo, mengi yamenenwa juu ya miche na bei, na machache mno juu ya kile kinachobakia ardhini pindi mashine ya kukamulia ikisimama. Huko Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, chikichi huchemshwa ndani ya pipa, zikapondwa na kukamuliwa, kisha mchuzi wake hupikwa tena hata mafuta yaelee na kuenguliwa. Mise, yaani kokwa za chikichi, huwekwa kando kwa ajili ya sabuni, na yale maji mazito yenye uchachu hutafutiwa shimo au mfereji. Yakifika mtoni huoza, na kuoza kwake hula hewa wanayovuta samaki. Chini ya injini, oili chafu hudondoka kila siku.

Banda la mashine likihama, kiwanja huuzwa. Mnunuzi ataka kujenga duka, naye hupewa karatasi isiyotaja pipa lilikaa wapi wala shimo lilifukiwa upande gani. Elimu hiyo wanayo majirani, aghalabu akina mama walioengua mafuta hapo. Basi kuwauliza si hisani wanayofanyiwa, bali ni sehemu ya hesabu ya biashara.

Gharama ya kutowashirikisha watu inajulikana. Vikuge, wilayani Kibaha, shamba la serikali lilipokea mwaka 1986 msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimekwisha muda wake. Banda lililovihifadhi likaanguka, na sumu ikaingia udongoni. Msaada wa namna hiyo, kwa rai yangu, heri ungalikataliwa bandarini.

Kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, kina mafunzo zaidi kwa mfanyabiashara. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi hapo mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu; mwajiriwa wake mmoja, Phyllis Omido, akagundua kuwa mwanawe ana madini ya risasi katika damu, naye akawaongoza wakaazi hata kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, tena udongo usafishwe katika miezi minne, ama sivyo shilingi milioni 700 zikabidhiwe taasisi ya Bibi Omido isimamie usafishaji wenyewe. Hukumu ikatenguliwa katika rufani mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia, ilhali wakaazi wengine walikwisha kufariki.

Uchafu wa mawese si risasi, na kuuondoa hakuhitaji mabilioni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 humtwika mchafuzi gharama, lakini mwenye mashine ndogo akishahama, nani atamfuata? Afadhali mkutano mkuu wa kijiji, unapoliridhia banda, uandike katika muhtasari mahali pa shimo, na amana ya kulifukua iwekwe mapema. Wenye mashine watanung'unika, nao wana haki ya kuuliza fedha hizo zitakaa mikononi mwa nani. Wajibiwe hapo hapo mkutanoni, kabla pipa halijatiwa moto.