Mji Hula Nini, na Hutupa Nini?

Ndugu wanafunzi wa Msasani, Tukuyu, kaeni vizuri, mshike penseli na daftari, maana leo tutasoma na kuhesabu pia. Somo letu lauliza: mji hula nini, na hutupa nini?

Pengine mtasema, "Tangu lini mji ukawa na mdomo?" Haya, tazameni barabara kuu inayopita Tukuyu, itokayo Uyole kwenda Kyela mpaka Kasumulu mpakani. Kwa barabara hiyo huingia saruji, bati, sukari, chumvi, nguo na petroli. Mchele hupanda kutoka Kyela. Mkaa na kuni huja kwa pikipiki, kwa baiskeli na kichwani. Maji huja kwa mabomba, umeme kwa nyaya. Vyote hivyo ni chakula cha mji.

Sasa tazameni vinavyotoka. Mikungu ya ndizi, viazi, maziwa na majani ya chai hutoka kwa wanunuzi. Vingine hutoka bila mnunuzi: moshi, maji machafu na takataka.

Kuna wataalamu ambao kazi yao ni kupima mambo hayo. Mwaka 1965 mhandisi wa maji wa Marekani, Abel Wolman, aliandika hesabu ya mji wa kufikirika wenye watu 1,000,000 katika nchi yake. Alisema kwa siku moja mji huo huingiza maji tani 625,000, chakula tani 2,000, na kuni za viwanda na magari, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi, tani 9,500. Siku hiyo hiyo hutoa maji machafu tani 500,000, takataka tani 2,000, na moshi na vumbi la sumu tani 950.

Haya, tugawanye. Tani aliyotumia Wolman ni ya Marekani, yaani karibu kilo 907, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi kila mtu wa mji ule alipata karibu lita 567 kwa siku, pamoja na maji ya viwandani. Hizo ni ndoo 28 za lita 20, na lita 7 juu yake. Wewe nyumbani kwako watumia ndoo ngapi? Andika jibu lako.

Katika hesabu hiyo mna kanuni moja, nayo ishikeni sana: kitu kilichoingia mjini hakipotei. Ama kimetoka, ama kimebaki. Saruji na bati hubaki, zikawa nyumba. Maji hutoka yakiwa machafu. Ukitupa taka korongoni, mvua huzichukua. Na mvua ya Tukuyu mwaijua, kwa mwaka hupita milimita 2,000. Maji ya wilaya hii huteremka kwa mito kama Kiwira na Mbaka mpaka Ziwa Nyasa. Basi uchafu haukupotea. Umehama tu.

Sasa twende migombani. Kwa desturi ya Unyakyusa, mgomba huota karibu na nyumba. Watu hula ndizi, ng'ombe hula maganda na vipande vya mgomba, na samadi na majivu hurudi shinani. Kilichotoka udongoni kimerudi udongoni. Ni duara lililofungwa.

Lakini mkungu uliopakiwa katika lori husafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu 5,383,728, na wote wanataka kula. Mkungu huo hushushwa pengine katika soko la ndizi la Mabibo. Labda utaliwa Msasani nyingine, ile iliyo kando ya bahari, yenye jina sawa na mahali penu. Maganda yake yatakwenda wapi? Mengi huishia dampo, kama lile la Pugu Kinyamwezi. Hayarudi Rungwe.

Ndizi huvuta sana potasiamu, nacho ni chakula kimoja cha mimea kilichomo udongoni, na kimo pia katika majivu. Kwa hiyo aliyeuza mkungu ameuza ndizi, na pamoja nayo rutuba kidogo ya shamba lake. Kuuza si kosa, maana fedha ile hulipa ada na kununua sabuni. Lakini anayeuza kila juma bila kurudisha kitu, siku moja atauliza kwa nini mikungu imekuwa midogo.

Je, na moto? Hapa pana tofauti kubwa. Ganda laweza kurudi shambani, bali joto la mkaa likishatoka halirudi. Tena kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo hutaka kuni kilo 6 hadi 10. Gunia linaloingia mjini ni dogo kuliko miti iliyokatwa. Ndiyo maana mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafikisha wananchi 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Tufanye nini basi? Kwanza, tenganisheni taka: maganda na majani mbali, plastiki na chupa mbali. Ganda lililochanganyika na plastiki halifai kuwa mbolea. Pili, maganda ya nyumbani na ya sokoni yaozesheni shimoni pamoja na samadi, kisha yapelekeni migombani. Tatu, funikeni jiko lisipoteze joto, na kuni zikaukeni kwanza kabla ya kuwashwa.

Kazi ya darasa ni hii. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika vyote vilivyoingia nyumbani kwako kwa siku saba. Kulia andika vilivyotoka. Pima kwa ndoo, debe au mkungu. Juma lijalo linganisheni madaftari, mwulizane: kipi kati ya vilivyotoka kingeweza kurudi shambani?

Kwaherini, na kazi njema.