Theluji Winnipeg, wasiwasi Lusangi: mtoto acheze nje kwenye baridi kali?

Saa kumi na mbili jioni, wakati watu wa Lusangi wanarudi kutoka mashambani, mjini Winnipeg, Kanada, ni saa nne ya asubuhi. Huko ndio muda wa watoto wa masomo kutoka nje kucheza. Picha zinafika kwa WhatsApp pale mtandao unapopatikana: mtoto amevimba kwa makoti, uso hauonekani, anateleza juu ya kilima cheupe. Na swali la koko huwa ni lile lile: "Juu ya nini munamutosha mutoto inje na baridi ya vile?"

Koko hakosei kuuliza. Upande wa Kasongo na Kabambare, baridi inayojulikana ni ile ya asubuhi za mwezi wa sita na wa saba. Mtoto anajifunika kikwembe, anakaa karibu na moto, jua likipanda mambo yamekwisha. Winnipeg katika mwezi wa kwanza, kwa kawaida usiku hushuka hadi digri 21 chini ya sifuri, na mchana hubaki karibu na 11 chini ya sifuri. Konjelateri ya kutunzia samaki hukaa kwenye 18 chini ya sifuri.

Familia nyingi za Kikongo zilizofika Kanada zilipitia kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu huko Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kambini mtoto alicheza nje toka asubuhi hadi giza. Leo mzazi yule yule, kwa kuogopa baridi, anamfungia ndani mbele ya televisheni karibu miezi mitano. Masomo yanamtoa nje, na hapo ugomvi unaanza: mzazi anaona mwalimu hana huruma, mwalimu naye anaona mtoto amekuja na viatu vya kitambaa.

Madaktari wa watoto wa Kanada wameweka mpaka. Kupitia chama chao cha nchi nzima, wanashauri watoto wabaki ndani baridi ikipita digri 25 chini ya sifuri, au upepo ukifanya baridi isikike kama 28 chini ya sifuri. Upepo ndio unaodanganya watu. Siku ya digri 20 chini ya sifuri, upepo wa kilometa 30 kwa saa unaifanya isikike kama 33, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Kwa hiyo mzazi anayetazama digri peke yake kwenye simu ameona nusu tu ya habari.

Wengi wanaogopa mafua na homa ya mapafu. Lakini mafua yanaletwa na virusi, navyo vinasambaa kwa urahisi zaidi ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kuliko uwanjani.

Hatari yenyewe iko kwenye vidole, masikio, pua na mashavu. Vitabu vingi vinasema ngozi inayoanza kuumizwa na baridi huwa nyekundu, lakini kwa mtoto mweusi wekundu huo hauonekani vizuri. Mzazi aangalie ngozi iliyopauka kama majivu au inayong'aa kama mshumaa, na amuulize mtoto kama bado anasikia akiguswa. Uchunguzi uliofanywa juu ya askari wa Marekani ulionyesha kwamba askari weusi waliumizwa na baridi mara nyingi kuliko wenzao wazungu. Ngozi hiyo haisuguliwi, haipakwi theluji, wala haiwekwi karibu na moto, hata kama kule nyumbani moto ndio dawa. Kiungo kinatiwa kwenye maji ya vuguvugu, na kikibaki kigumu au bila kusikia, mtoto apelekwe kwa daktari haraka.

Nguo nyepesi tatu zilizopandana zinashinda koti moja zito, na ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho inamgandisha mtoto. Kofia ifunike masikio. Kamba za kofia na skafu ndefu ziachwe, maana zinaweza kunasa kwenye vyombo vya michezo na kumkaba. Ni kweli, nzango haichezeki sana na bote za theluji, lakini mpira unachezeka.

Glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja zinatunza joto kuliko zile za kutenganisha kila kidole. Mzazi anunue pea mbili, moja ikae kwenye mfuko wa masomo, na aandike jina ndani. Kwenye koridoo ya masomo zinaanikwa kwa makumi, zote nyeusi, na inayolowa saa nne haiwezi kuvaliwa tena saa sita.