Ustadi, Si Mbio

Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, zimeenea hata Voi na Wundanyi. Vijana wengi hudhani kuwa hodari ni yule awapitaye wenziwe kwa mbio. Sivyo. Yako mashindano, yaliyoanza Uskoti mwaka 1909, na ambayo tangu 1975 yana bingwa wa dunia, ambamo kasi haileti sifa. Mshindani hupanda miamba na kuvuka vijito polepole. Mguu ukigusa chini mara moja huandikiwa kosa 1. Akishindwa kupita, 5. Mwenye makosa machache ndiye mshindi.

Barabara ipandayo kutoka Mwatate hadi Wundanyi ina kona nyingi na miteremko mikali. Kijana aliyejifunza utulivu huo atafika salama, na abiria wake pia.