Pauni 55 Si Farasi 55: Kweli na Uongo Kuhusu Injini Ndogo ya Umeme

Kwenye mwambao wa Igogo, Mwanza, neno injini lina maana moja: Yamaha, petroli na kamba ya kuvuta. Ndiyo maana mtu akiulizia injini ya umeme, ile ndogo yenye fimbo ndefu na mota inayozama majini, hupokewa kwa kicheko au kwa ahadi kubwa kuliko kifaa chenyewe. Vyote viwili vinampotosha.

Wapo ambao kifaa hiki kingewafaa kesho asubuhi. Mwenye vizimba vya sato mita mia chache kutoka nchi kavu, anayekwenda kulisha na kurudi. Mvuvi wa ndoano anayetaka kutambaa polepole kando ya mawe. Mwenye boti ya kuvusha wageni kwenda Saanane, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na ambako mgeni amelipa asikie ndege, si mngurumo. Na wapo ambao kitawaacha katikati ya ghuba. Kinachowatenganisha ni betri, pamoja na hesabu ya darasa la saba ambayo muuzaji hana haraka ya kukufanyia.

“Injini ya 55 ni kubwa kuliko Yamaha ya 40.” SI KWELI.

Hili ndilo linaloongoza kwa kupoteza fedha za watu. Namba 55 iliyoandikwa kwenye injini ya umeme ni pauni za msukumo, yaani nguvu inayoisukuma boti ikiwa imefungwa gatini, haiendi popote. Farasi ni kipimo kingine kabisa, cha kazi inayofanyika kwa muda fulani. Usiziweke namba hizo mbili kwenye mzani mmoja.

Ukitaka picha, pitia kwenye umeme. Injini ya pauni 55 ya volti 12 hunyonya mpaka ampea 50 hivi ikifunguliwa mwisho. Zidisha 12 kwa 50 upate wati 600. Farasi mmoja ni wati 746. Kwa hiyo injini nzima inakula umeme usiotimiza farasi mmoja, na sehemu yake inapotea kabla ya kufika kwenye maji. Yamaha ya 15 inapita wati 11,000.

Kifaa chenyewe hakina kosa. Mwaka 1934, mjini Fargo huko North Dakota, Marekani, O.G. Schmidt alichukua mota ya stata ya gari la Ford Model A, akaiunganisha na propela. Kampuni iliyozaliwa hapo ni Minn Kota, jina lililokatwa kutoka Minnesota na North Dakota, na mpaka leo ndiyo wengi wanayoitaja kwanza. Kazi ya injini hizi ilikuwa kuisogeza boti polepole na kimya wakati wa kuvua, na mara nyingi injini kubwa ilikuwa imekaa pembeni. Anayeinunua Mwanza iwe injini yake pekee anaiongezea kazi. Inawezekana, ila ajue anachokifanya.

Kuna faida moja ya hapa kwetu ambayo sijasikia muuzaji akiitaja. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300, kwa hiyo Igogo imeshapungukiwa sehemu 1 kati ya 10 kabla hujavuta kamba. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuchoma chochote. Inafanya kazi hapa kama inavyofanya Dar es Salaam.

“Nikichukua pauni nyingi zaidi nitakimbia zaidi.” SI KWELI.

Injini nyingi za aina hii hukomea kilomita 6 au 7 kwa saa, za pauni 40 kwa za 80, kwa sababu propela zake zimetengenezwa kwa mwendo huo. Pauni za ziada ni za kubeba uzito na kukabili upepo. Kanuni ya mafundi ni kama pauni 4 na nusu kwa kila kilo 100 za boti iliyopakiwa. Chukua mtumbwi wa mbao wa kilo 350, watu wawili kilo 140, mifuko ya chakula cha samaki kilo 50, betri kilo 30. Jumla kilo 570, yaani pauni 26. Hicho ni kiwango cha maji yaliyotulia. Ziwa letu hutulia asubuhi na kuchafuka mchana, kwa hiyo mimi nisingeshuka chini ya pauni 45.

Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, kufuata Daraja la JPM la Kigongo–Busisi kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kilomita 3, ni nusu saa. Upepo ukiwa usoni, sahau hiyo nusu saa.

Halafu kuna anayesema aunge betri mbili mfululizo ili injini ya volti 12 ikimbie mara mbili. Ataiunguza. Volti 24 ni za injini iliyoandikwa volti 24.

“Betri ya gari inatosha, si ni volti 12 ileile?” SI KWELI, na hapa tukae kidogo.

Imani hii ina chanzo cha heshima. Wavuvi wa dagaa wa ziwa hili walitoka kwenye karabai za mafuta ya taa wakaingia kwenye taa za LED, na wengi walianza na betri yoyote iliyopatikana. Ikafanya kazi. Taa tatu za wati 10 kila moja zinahitaji ampea 2 na nusu tu. Usiku mzima wa saa 10 umetumia ampea-saa (Ah) 25. Betri ya gari ya N70 inarudi nchi kavu bado ina uhai, na mvuvi anahitimisha kwamba betri ni betri.

Injini ya pauni 55 inadai mara 20 ya hizo taa. Sasa betri ya risasi na asidi ina tabia ambayo haisemwi dukani: Ah zilizoandikwa ubavuni hupimwa kwa kuinyonya taratibu kwa saa 20. Ukiinyonya kwa pupa inatoa kidogo. Betri ya Ah 100 ukiidai ampea 50 haikupi saa 2. Inakupa saa 1 na robo hivi mpaka ife kabisa, na kwa kuwa betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu kama unataka idumu, safari yako halali ni kama dakika 40, kwenda na kurudi. N70 yenyewe, kwa kipimo hichohicho, ni dakika 25.

Tena betri ya gari imeumbwa kwa kazi nyingine. Sahani zake ni nyembamba na nyingi ili zimwage umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha stata, kisha alterneta ichukue zamu. Ukiikamua mpaka chini kila siku, sahani zinapukutika. Betri ya sola ya kushuka kina, yenye sahani nene, huvumilia zaidi. Omba hiyo, na usikubali kibandiko cha “solar” juu ya betri nyepesi: betri ya kweli ya risasi ya Ah 100 ina karibu kilo 30. Inyanyue mwenyewe kabla ya kulipa.

Ukifika ziwani, voltimita ndogo itakusaidia kuliko maneno ya yeyote. Betri ya risasi iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, na kabla ya 12.2 uwe umeshafika nchi kavu.

“Ukipunguza mwendo nusu, betri inadumu mara mbili.” SI KWELI, inadumu zaidi sana.

Huu ni uongo unaomdhulumu msemaji wake. Kwa boti nzito iendayo taratibu, nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa mwendo: mwendo mara 2, nguvu mara 8 hivi. Geuza hesabu. Ukishuka kutoka kilomita 6 kwa saa hadi 3, injini inayokula ampea 50 inaweza kutosheka na 7 au 8. Unachelewa mara mbili, lakini betri inakufikisha mbali karibu mara 4. Anayelisha vizimba hana sababu ya kufungua mwisho.

Sharti lipo. Injini za bei ya chini zenye gia tano hupunguza mwendo kwa kuuchoma umeme wa ziada uwe joto, kwa hiyo gia ndogo hazikuokolei unavyotarajia. Zenye kidhibiti cha kielektroniki, ambazo mwendo wake unazungushwa bila ngazi, ndizo zinazolipa. Kama kuna mahali pa kuongeza fedha kwenye injini yenyewe, ni hapo, si kwenye pauni.

“Lithiamu hulipuka.” INATEGEMEA LITHIAMU IPI.

Betri za simu na za baiskeli nyingi za umeme zina kemia inayowaka vibaya ikitobolewa au ikichajiwa kupita kiasi. Za boti na za sola mara nyingi ni lithiamu ya fosfeti ya chuma, huandikwa LiFePO4, ambayo ni tulivu zaidi. Ya Ah 100 ina kilo 12 hivi, inatoa karibu zote 100 hata kwa ampea 50, na hustahimili mizunguko zaidi ya 2,000. Ni ghali kununua. Kwa mtu anayetoka kila siku, naiona nafuu kuliko kubadilisha betri za risasi kila mara.

Ila ukiichaji kwa chaja ya kizamani ya betri za gari unaitafutia kifo. Inataka chaja yake, inayofika volti 14.4 hadi 14.6 na kukoma. Uliza pia bodi ya ulinzi iliyo ndani inaruhusu ampea ngapi. Ikiwa ni 50 kamili na injini yako inadai 50, itakukatia umeme siku ya mawimbi, siku usiyotaka ikukatie.

Betri ya risasi nayo ina hatari yake: ikichajiwa hutoa haidrojeni. Usiifungie kwenye boksi lisilo na hewa, wala usiweke jiko karibu.

“Waya wowote unapitisha.” SI KWELI.

Fundi umeme wa nyumba atakuja na waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, kwa sababu ndio alionao. Kutoka betri iliyo mbele hadi injini iliyo nyuma, mita 3 kwenda na 3 kurudi, waya huo kwa ampea 50 unapoteza volti 2 nzima. Injini inabakiwa na 10. Wati 100 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe, juu ya mbao, karibu na dumu la petroli la jirani. Waya wa 16 kwa umbali uleule hupoteza theluthi ya volti. Weka na sakiti breka ya ampea 60 karibu kabisa na betri. Hapa sina la kujadiliana na mtu.

“Paneli juu ya boti itachaji huku natembea.” KWA KIASI.

Paneli ya wati 200 jua likiwa utosini hutoa ampea 15 hivi kwenye betri ya volti 12. Injini inanyonya 50. Paneli haishindi mbio hizo. Lakini kwa mwendo wa nusu inaweza kufidia ampea zote zinazotumika, na boti ikiegeshwa mchana kutwa, jua la Mwanza la saa 5 zenye nguvu hurudisha wati-saa 700 au zaidi, ambazo ni zaidi ya nusu ya betri ya lithiamu ya Ah 100. Mwenye vizimba anayetoka asubuhi na jioni anaweza kuishi hivyo bila kugusa LUKU.

“Magugu maji si tatizo kwa propela ya umeme.” NUSU KWELI.

Propela zenye mabawa yaliyolala nyuma hupenya majani machache. Zulia la magugu maji halipenyeki, zungukia. Kinachoua injini hizi ni kitu chembamba zaidi: uzi wa nyavu. Ukijizungusha nyuma ya propela hukata sili, maji yanaingia kwenye mota, na unajua siku imeshaharibika. Fungua nati ya propela mara kwa mara uangalie, na beba pini ya akiba.

“Injini isiyotoa moshi haihitaji leseni.” SI KWELI. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inadai leseni na usajili wa chombo cha uvuvi bila kuuliza kinasukumwa na nini, na mkaguzi wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, atauliza jaketi okozi zilezile.

“Kwa wanaokwenda mbali, petroli bado inashinda.” KWELI.

Lita 10 za petroli zina nishati ya kilowati-saa 90 hivi. Hata injini ikipoteza sehemu 4 kati ya 5 kwa joto na moshi, zinabaki 18. Betri ya lithiamu ya Ah 100 ina 1.28. Ungebeba betri 14, kilo 168, mahali pa dumu la kilo 8. Mwenye mtumbwi wa sangara anayelala ziwani hatashawishika na betri akiiona hesabu hiyo.

Na hata hivyo wapo wanaoijaribu safari ya sangara kwa umeme, upande wa Kenya. Kule Mbita, Homa Bay, kampuni ya ASOBO huwapa wavuvi injini za umeme pamoja na betri kwa kulipia matumizi, badala ya kuwauzia. Hizo ni injini kubwa, si hizi za pauni 55, na mvuvi habebi gharama ya betri peke yake: anarudisha iliyoisha, anachukua iliyojaa.